Jinsi ya kuandaa matembezi ya Mji wa Kale, Mombasa, kwa kundi dogo la wafanyabiashara

MIKUTANO ya kibiashara haiishi Mombasa. Wakurugenzi wa vyama vya akiba na mikopo, wafanyakazi wa kampuni ndogo kutoka bara na wageni wa ng'ambo waliokuja kutafuta wabia hukaa siku mbili tatu katika ukumbi wenye hewa baridi, kisha hujikuta wana nusu siku isiyo na kazi.

Nusu siku hiyo aghalabu huishia ufuoni au katika duka kubwa la kisasa. Wachache hupelekwa Mji wa Kale, na wengi wa hao wachache hupitishwa mbio kama watu waliochelewa treni: picha mbele ya ngome, picha mbele ya mlango wa nakshi, soda, kisha basi.

Makala haya yanamlenga yule aliyekabidhiwa jukumu la kuipanga nusu siku hiyo, awe katibu wa chama, mfanyakazi wa hoteli au kiongozi wa watalii anayeanza kazi. Rai yetu ni kwamba mfanyabiashara ataufahamu Mji wa Kale iwapo ataufuata kama bidhaa ilivyoufuata, yaani kutoka baharini hadi mkononi mwa mnunuzi. Na wenyeji watampokea vyema iwapo heshima na fedha anazokuja nazo zitabaki humo humo anamopita.

Mji wa watu

Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa cha Mvita, ukitazamana na Nyali ng'ambo ya maji. Ni eneo la takriban hekta 72, na mnamo mwaka 1990 lilitangazwa rasmi kuwa eneo la kuhifadhiwa. Ndani yake mna mitaa ambayo majina yake ni ya zamani kama kuta zake, kama vile Kibokoni na Mkanyageni.

Mpangaji anapaswa kukumbuka tangu mwanzo kwamba hapa si makavazi. Watu huzaliwa, huolewa na kuzeekea katika nyumba hizi. Sheria ya uhifadhi hulinda ukuta, mlango na roshani, lakini haimlindi mwenye nyumba dhidi ya mgeni anayechungulia dirishani huku ameinua kamera.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kushuhudia kisa kimoja siku ya Ijumaa. Kundi la watu wapatao 30, wafanyakazi wa kampuni moja ya bara, liliteremshwa karibu na barabara ya Ndia Kuu yapata saa sita na nusu mchana. Wanaume waliovaa kanzu walikuwa wamejaa njiani wakielekea msikitini. Kiongozi wa kundi akasimama katikati ya njia na kuanza kueleza habari za Wareno kwa sauti ya kunadi.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita alimgusa bega. "Mwanangu, wapishe watu wende wakaswali. Wareno wamengoja miaka mia nne, hawashindwi kungoja saa moja."

"Niwie radhi, baba," kijana akajibu, akawasogeza wageni wake ukutani.

Wageni walicheka, lakini ziara ilikwisha pale pale. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya swala, jua lilikuwa utosini, na baada ya muda mfupi basi likarudi hotelini na watu ambao hawakununua hata kikombe cha kahawa. Hakuna aliyekosa kwa makusudi. Kosa lilikuwa katika ratiba, ambayo iliandikwa na mtu asiyejali kuuliza Ijumaa ni siku ya namna gani katika mji ule.

Saa na majira

Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ya mpangaji ni kuchagua siku na saa, hata kabla ya kuchagua njia. Asubuhi ndiyo bora. Kundi lianze saa mbili au saa mbili na nusu, wakati ambapo Ngome ya Yesu imefunguliwa, vivuli vingali virefu na soko limechangamka. Limalize kabla ya adhuhuri, ambayo huingia mwendo wa saa sita na nusu.

Asiyeweza asubuhi aanze baada ya swala ya alasiri, yapata saa kumi, akijua kwamba ngome hufungwa saa kumi na mbili jioni na jua huzama muda mfupi baadaye. Katika hali hiyo ni afadhali kuanza na ngome na kukubali kwamba soko litakuwa linafunga. Saa saba hadi saa tisa mchana ziachwe kabisa. Ni saa za joto kali na za mapumziko, na hata paka wa Mji wa Kale, ambao ni wengi, hawaonekani.

Ijumaa inafaa kwa asubuhi tu. Jumapili baadhi ya maduka hufungwa. Katika mwezi wa Ramadhani matembezi yanawezekana, lakini mchana hakuna kahawa wala chakula, na si adabu kundi kunywa maji barabarani mbele ya watu waliofunga. Mpangaji mwerevu hulipeleka kundi jioni ili limalizie kwa futari, na hapo huona neema ambayo mtalii wa kawaida haioni: meza za kaimati, viazi karai na sambusa zikipangwa barazani huku watu wakisubiri adhana.

Kuhusu hali ya anga, mvua za masika hunyesha kwa wingi Aprili na Mei, na vichochoro huwa na madimbwi. Januari hadi Machi joto huwa jingi. Miezi ya Juni hadi Septemba, pepo za kusi zinapovuma, ndiyo yenye nafuu kwa mtu asiyezoea pwani.

Kuanzia ngomeni

Njia tunayoipendekeza huanzia Ngome ya Yesu, hupitia barabara ya Mbarak Hinawy hadi kwenye uwanja ulio mbele ya Bandari ya Kale, ikarudi kupitia Ndia Kuu, kisha ikaelekea Biashara Street na kuishia Marikiti. Umbali wote hauzidi kilomita tatu. Hata hivyo, itengewe saa tatu na nusu, kwa kuwa mtu hatembei Mji wa Kale bali husimamasimama.

Sababu ya kuanzia ngomeni si historia pekee. Mahali hapo basi huweza kusimama, pana vyoo na pana kivuli, na watu waliochelewa huweza kungojwa bila kuziba njia ya mtu. Aidha, ada za kiingilio hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni wa nje. Ni vyema mpangaji aulizie viwango vya sasa na utaratibu wa malipo siku chache kabla, asije akasimamisha watu kumi langoni wakitafuta vitambulisho.

Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mjenzi kutoka Milan, na wakaikamilisha mwaka 1596. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, walipoitwaa. Katika mazingira hayo meli ya Wareno iitwayo Santo António de Tanna ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyoopolewa humo huonyeshwa ndani ya makavazi. Waingereza waliifanya jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, kisha ikafunguliwa kuwa makavazi mwaka 1960. Mnamo mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO.

Hayo yote kiongozi atayasema. Lakini kundi la wafanyabiashara lipewe swali moja la kutembea nalo: kwa nini watu waliotoka mbali kiasi kile waligharimika kujenga kuta nene kiasi hiki? Jibu liko baharini. Wareno walitaka njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na kila chombo kilichosafiri kilitakiwa kuwa na cheti chao na kulipa ushuru wao. Ngome ilikuwa kituo cha ushuru chenye mizinga.

Wazo hilo likishaeleweka, dakika 50 zinatosha ngomeni. Kundi likikaa saa mbili hapo, litafika bandarini limechoka, na bandarini ndiko kwenye kiini cha safari. Kama kuna muda wa mzaha, kiongozi awaeleze kwamba kwa mujibu wa wataalamu wengi wa lugha neno gereza limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya ngome hii hii.

Bandari ya Kale na hesabu zake

Kutoka ngomeni kundi huingia barabara ya Mbarak Hinawy. Hapa mtu aanze kutazama juu. Roshani za mbao zilizochongwa ni ushahidi wa mafundi na matajiri kutoka Bara Hindi waliojenga hapa hasa katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari za nyumba kongwe hushikiliwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliokuwa ukiamua upana wa chumba, jambo ambalo humfurahisha sana kila mkandarasi anapoambiwa.

Barabara hii ilikuwa na reli nyembamba zamani. Kabla magari hayajaenea, maafisa na matajiri walisafiri mjini katika vigari vidogo vilivyosukumwa na vibarua juu ya reli hizo. Njiani kuna Msikiti wa Mandhry, ambao kwa masimulizi ya wengi ulijengwa mwaka 1570. Msikiti hutazamwa kutoka nje. Asiye Mwislamu haingii bila ya ruhusa ya wasimamizi, na si kazi ya kiongozi kuwaahidi wageni ruhusa ambayo si yake.

Barabara huishia kwenye uwanja ulio mbele ya Bandari ya Kale. Hapa kundi likae. Likae hasa, penye kivuli, hata kama ni nusu saa, kwa maana mfanyabiashara akiuelewa uwanja huu atakuwa ameuelewa mji.

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba nafaka ya watu wa mji ililetwa kutoka kwingineko. Mji huu haukuishi kwa kulima. Uliishi kwa kuwa mahali ambapo mwenye kitu na mtaka kitu hukutana, na kwa kujua upepo. Kaskazi, inayovuma takriban Novemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na India yakiwa na tende, vyungu, nguo na mazulia. Kusi ilipoanza Aprili yalirudi na boriti, pembe za ndovu na bidhaa nyingine za bara.

Hebu msomaji atafakari biashara ya namna hiyo. Nahodha huja mara moja kwa mwaka. Akikosa kulipwa leo, atalipwa mwaka ujao, iwapo chombo hakikuzama na mdeni yu hai. Hakuna benki ya kumtetea wala simu ya kumkumbusha mtu. Kilichokuwapo ni jina la mtu, ukoo wake, mashahidi wake na maneno yaliyosemwa barazani. Ndiyo sababu baraza za mawe nje ya nyumba si mapambo. Mwenyeji alimpokea mgeni hapo, akampima, wakakubaliana, na habari za nani hulipa na nani halipi zikasambaa kabla ya magharibi.

Waliokuwa na mtaji mkubwa walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi. Baada ya Seyyid Said kuwaondoa Wamazrui katika utawala wa Mombasa mwaka 1837, ukusanyaji wa ushuru wa forodha katika milki yake ya Afrika Mashariki ulikuwa mikononi mwa watu waliomlipa kiasi walichokubaliana, kisha wao wakajilipa kutokana na bidhaa zilizopita. Nyumba ya Jairam Shivji ya Zanzibar ndiyo iliyojulikana zaidi katika kazi hiyo. Mgeni anayedhani kwamba kukodisha huduma za serikali kwa watu binafsi ni jambo la juzi atapata la kuwaza.

Kuna na kisa cha kampuni iliyoshindwa. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888 na ikaiendesha pwani hii kutoka Mombasa. Gharama zilishinda mapato, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikalazimika kuchukua eneo lenyewe. Mwaka uliofuata ujenzi wa reli ya Uganda ulianza, ukafika Kisumu mwaka 1901, ukiwa umeleta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India. Reli ilihitaji bandari yenye kina, na Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, ikawa ndiyo bandari. Bandari ya Kale ikabaki na majahazi na vyombo vidogo vya pwani.

Watu wa biashara hupenda kuulizana hapa: mji uliopoteza bandari yake uliendeleaje kuishi? Kiongozi asijibu. Awaache wajadiliane, kwa kuwa jibu wataliona mbele ya safari, dukani.

Angalizo moja: vifaa vya bandari visipigwe picha bila kibali. Askari wa lango wana haki ya kumzuia mtu, na kundi zima linaweza kupoteza asubuhi yake kwa sababu ya picha moja.

Kutoka forodhani hadi dukani

Njia ya kurudi ni Ndia Kuu. Neno ndia ni njia kwa lafudhi ya Kimvita, na jina hilo peke yake ni somo kwa wageni wanaodhani kwamba Kiswahili ni kimoja tu. Hapa kuna maduka ya vinyago, mapambo na vitu vya kale. Kundi lipewe dakika 15 za kununua, na kiongozi akae mbali kidogo. Muuzaji anayejua kwamba kiongozi atadai fungu lake huongeza bei, na mgeni wa biashara ni hodari wa kunusa jambo hilo.

Kutoka hapo kundi huelekea Biashara Street, mtaa wa leso. Masimulizi yanayokubaliwa na wengi yanasema kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vya Wareno, wakaviunganisha kwa kuvishona na kupata vazi moja. Neno leso lenyewe limetokana na Kireno. Baadaye wenye maduka walianza kuagiza vitambaa vikiwa vimechapwa vizima. Yaani mnunuzi ndiye aliyebuni bidhaa, mwenye duka akafuata.

Leso huwa na pindo, mji na jina. Jina ni yale maneno yaliyoandikwa upande wa chini, na ndiyo huiuza. Mwanamke wa Mombasa hatanunua doti kwa uzuri wa rangi peke yake iwapo maneno yake hayasemi anachotaka kusema, au yanasema kile asichotaka jirani afikiri amekisema. Leso za Mali ya Abdulla, zenye asili yake katika duka lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887, zinajulikana Afrika Mashariki nzima. Mwombeni mwenye duka mmoja aeleze jinsi anavyochagua jina la leso. Ni darasa la kuuza bidhaa ambalo ukumbi wa hoteli hauwezi kulitoa.

Mwishoni huwa Marikiti, soko lililofunguliwa mwaka 1914 katika barabara ya Digo, pamoja na maduka ya viungo yanayolizunguka. Atakayependa apitie barabara ya Langoni alitazame hekalu jeupe la Wajaini. Iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga huuzwa kwa kupimwa, na harufu humfikia mtu kabla hajaona duka. Tumeona utaratibu mmoja ukifaa sana: kila watu wawili wapewe bidhaa moja ya kufuatilia. Imetoka wapi? Imepita kwa nani? Bei imepanda mara ngapi njiani? Nani hubeba hasara ikinyeshewa? Wakikutana mezani baadaye wana la kusimuliana.

Maswali hayo yana adabu yake. Mtu huanza kwa salamu, kisha hununua kitu, ndipo huuliza. Kumuuliza mwenye duka faida yake kwa mwezi ni utovu wa heshima, mjini kama kwingineko. Muda wa muuzaji ni mali, kwa hivyo mpangaji akitaka mwenye duka aongee na kundi kwa dakika 20, akamwone siku moja kabla, wakubaliane, na amlipe au ahakikishe kundi litanunua kwake.

Idadi, kiongozi na fedha

Kundi lisizidi watu 12. Vichochoro ni vyembamba, na mtu wa mwisho katika mstari wa watu 20 hasikii lolote, hivyo huanza kupiga picha za watu. Waliozidi wagawanywe makundi mawili yenye viongozi wawili, moja lianzie ngomeni na jingine Marikiti.

Waambiwe mapema kuhusu neno simile. Hamali mwenye mkokoteni uliojaa magunia akilitamka, hana nafasi ya kulirudia. Mtu husogea ukutani papo hapo. Pikipiki hazisemi hata hilo.

Kiongozi anapaswa kuwa na leseni. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 iliunda mamlaka ya kudhibiti sekta hiyo, na mpangaji ana haki ya kuomba kuonyeshwa leseni kabla ya kulipa chochote. Isitoshe, leseni peke yake haitoshi. Achaguliwe mtu anayejulikana mitaani, ambaye akipita watu humsalimu kwa jina. Kundi linaloongozwa na mtu wa Kibokoni huonyeshwa ua wa nyumba ambao mwingine hawezi kuukaribia. Vijana wanaojitokeza langoni na kujitia viongozi wakataliwe kwa upole, bila matusi. Nao wanatafuta riziki, na pengine mmoja wao ataajiriwa kubeba maji ya kundi.

Malipo ya kiongozi yakubaliwe kwa kundi zima wala si kwa kila kichwa, yaandikwe, na yataje wazi saa za kuanza na kumaliza. Kiasi kingine kitengwe kwa kiingilio cha ngome, kahawa, chakula, tuktuk kwa asiyeweza kutembea na asante ya wenye maduka. Wauzaji wengi hupokea M-Pesa, lakini muuza kahawa wa barabarani huhitaji noti ndogo.

Tuseme jambo hili bila kificho. Ziara nyingi huuzwa mahali pengine kwa bei nzuri, na fedha hizo haziufikii mji wenyewe. Mgeni hula hotelini kwake, hununua kinyago uwanja wa ndege, na Mji wa Kale hubakia na vumbi la basi. Matengenezo ya nyumba ya matumbawe ni ghali. Roshani ikioza, mwenye nyumba asiye na kipato huvutiwa na mkandarasi anayeahidi kubomoa na kujenga ghorofa. Kundi la watu 12 halitaiokoa nyumba. Lakini likinywa kahawa kwa huyu, likala kwa yule na kununua leso kwa wa tatu, mwenyeji huwa na sababu ya kutaka jengo lake liendelee kutazamwa.

Chakula, mavazi na mengineyo

Chakula kiagizwe mapema. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi hutosha; mchana pilau au wali wa nazi na samaki. Kuna akina mama wanaopika majumbani kwa oda, na kiongozi mwenyeji atawajua. Mpangaji aulize kuhusu wasiokula nyama na wenye maradhi ya sukari kabla ya siku yenyewe. Kahawa chungu kutoka kwenye dele, katika vikombe vidogo visivyo na mkono, inywewe kwa kuketi, pamoja na kashata. Pombe haina nafasi katika ziara hii.

Mavazi yafunike mabega na magoti, kwa wanaume na wanawake. Leso au kikoi cha akiba kiwekwe mkobani kwa atakayesahau. Viatu viwe vya kutembelea, kwani ngazi za ngomeni na karibu na maji huteleza. Wanawake na watoto wasipigwe picha bila kuombwa ruhusa, na anayekataa asibembelezwe.

Wanaolala Diani wakumbuke kivuko cha Likoni na misururu yake. Watokao pwani ya kaskazini wavuke daraja la Nyali kabla ya saa mbili kasorobo. Wanaofika kwa treni ya SGR, iliyoanza kusafirisha abiria mwaka 2017, watashukia Miritini, mbali na kisiwa, hivyo wasipangiwe matembezi siku hiyo hiyo ya kufika.

La mwisho, mpangaji aitembee njia yote pamoja na kiongozi siku moja au mbili kabla, kwa saa ile ile kundi litakayopita. Atagundua barabara iliyofukuliwa, duka lililofungwa kwa msiba, au arusi iliyotandika mikeka katikati ya kichochoro. Akikuta arusi, abadilishe njia. Akialikwa kuonja pilau, asikatae.